Canon 50mm f/1.8 STM baada ya miezi kumi Kigamboni: lenzi iliyonipa vitu vya kupiga

Kazi yangu ni picha za paspoti na vitambulisho, na mwisho wa wiki shughuli: send-off, kitchen party, harusi, ubarikio. Nina miaka saba humo. Kwa siku naweza kupiga watu arobaini, wote mbele ya kitambaa kimoja cha bluu, na jioni nikifunga kibanda nikiulizwa "leo umepiga nini?" sina jibu. Kamera ilikuwa imegeuka jembe. Siku ya mapumziko inalala kabatini, na mara chache nilizoitoa nilizunguka mtaani nusu saa, nikarudi na picha za machweo ambazo hata mimi mwenyewe sikuzifungua tena.

Nilishafuata yale mapendekezo ya mitandaoni ya kujifua kila siku. Leo piga kitu chekundu, kesho piga kivuli, keshokutwa piga theluji. Theluji naitoa wapi Kigamboni? Hata yale yaliyowezekana yaliniishia mikononi baada ya siku nne tano. Ndoo nyekundu nimeipiga, haya, halafu? Sikuwa na habari yoyote na ile ndoo.

Miezi kumi iliyopita nikanunua Canon EF 50mm f/1.8 STM, iliyotumika, kwa Sh 260,000. Wengi mnaniuliza inbox kama inafaa. Inafaa sana, ila sababu yangu siyo ile wanayoitangaza wauzaji. Muuzaji atakuonyesha jinsi nyuma kunavyolainika na uso unavyojitokeza, na hasemi uongo. Mimi naipenda kwa kuwa haizumu. Haivuti wala hairudi. Ukitaka mtu aonekane mkubwa unamwendea, na ukimwendea mtu inabidi uwe na la kumwambia.

Nianze na kitu chenyewe. Ni ndogo, inaenea kiganjani, gramu 160 hivi. Ilitoka 2015 kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1990 ambayo wakongwe mnaifahamu, iliyokuwa plastiki mpaka pale inapofungia kwenye kamera. Hii inafungia kwa chuma, na inafokasi kuanzia sentimita 35 wakati ile ilianzia 45. Hizo sentimita kumi zishikeni, nitazirudia. Kwenye kamera ya sensa ndogo (kile kibao cha ndani kinachopokea picha) kama 1300D yangu inaona kwa ufinyu kama 80mm, yaani kwenye chumba cha kawaida cha kupanga, hata mgongo ukigusa ukuta, mtu mzima haingii kichwa hadi miguu.

Tundu lake la kupitisha mwanga linafunguka mpaka f/1.8, na namba hiyo ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi. Lenzi iliyokuja na kamera, ile 18-55, nikiivuta mpaka mwisho inaniishia f/5.6. Tofauti ya hapo ni karibu mara kumi ya mwanga. Usiku kwa muuza chipsi mwenye taa moja iliyofungwa kwenye mlingoti wa mwavuli, ile 18-55 inaniletea picha zilizotikisika, hii bado inapiga na uso wa mtu unasomeka.

Wiki ya kwanza niliichukia, nisiwafiche. Nilizoea pantoni likishusha watu nisimame juu kidogo, niirudishe lenzi hadi 18mm inapoona pana, nichukue umati wote na baiskeli na magunia. Sasa nikinyanyua kamera naona kichogo cha mtu na nusu ya mkokoteni. Nikirudi nyuma napigwa kikumbo na bodaboda. Nilitaka kuirudisha.

Kilichoniokoa ni sharti nililojiwekea kwa hasira. Wiki tatu, lenzi hii tu, na kipande kimoja cha njia: kutoka kituo cha bajaji karibu na kibanda changu hadi pale mchanga unapoanza. Ni kama hatua mia nne. Kila siku asubuhi kabla ya kufungua na jioni baada ya kufunga. Siku ya kwanza mpaka ya tatu nilipiga kuta, paka, na matairi. Siku ya nne nikaona nimemaliza kila kitu, na nikasimama tu. Hapo ndipo nikamwona fundi viatu.

Nasema nikamwona, na kumbe nimempita miaka minne namwamkia. Anakaa chini ya mti wa mkungu, kiti chake ni debe lililogeuzwa likawekewa kipande cha godoro. Nilichokiona siku ile ni kwamba akishona hatazami kiatu. Anatazama barabarani, anaitikia salamu, anacheka na watoto wa shule, na mikono inaendelea yenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kimekatika?"

"Hapana mzee, leo nina ombi. Naomba nikupige picha mikono ukiwa kazini."

Akaitazama mikono yake, mbele na nyuma. "Mikono tu? Uso huutaki?"

"Uso nitauomba siku nyingine mzee, ukiniruhusu."

"Piga. Ila mimi sisimamishi kazi."

Sasa zile sentimita 35. Ukiwa umbali huo, fremu inabeba upana wa kama sentimita kumi na moja, kiganja cha mtu mzima. Nilichuchumaa mpaka nikasikia harufu ya gundi. Ndani ya ile fremu kulikuwa na kidole gumba chenye ukucha uliopasuka zamani ukajifunga vibaya, na kwenye kidole cha shahada amejivisha pete ya mpira wa tyubu ya baiskeli, pale uzi unapokata akiuvuta. Mpira wenyewe una mifereji midogo, mmoja juu ya mwingine, yote imechimbwa na uzi. Kwa macho ya kupita njia usingeiona hata miaka kumi.

Picha za mwanzo zote ziliharibika. Kwenye f/1.8 kwa umbali ule kinachokaa kwenye fokasi hakifiki hata unene wa kidole, mkono ukisogea kidogo imekwisha. Nikafunga tundu hadi f/4, nikapandisha ISO ili kamera ihisi mwanga zaidi, shata nikaiweka 1/250 ya sekunde ili mkono usitikisike pichani. Nikaacha kufukuza mkono. Nikafokasi pale pale uzi unapotokea tunduni, nikangoja mkono urudi wenyewe, kwa sababu mkono wa fundi unarudi mahali pale pale kila mshono. Nilipiga sitini na kitu. Nne zilikubali, na katika hizo nne ipo moja ambayo uzi umenyooka kama waya na ile pete ya mpira imebonyea. Ndiyo picha ya kwanza kwa miaka mingi niliyoipiga bila mtu kunilipa na nikataka kuionyesha kwa watu.

Nikaichapisha saizi ya posti kadi, nikampelekea kesho yake. Aliitazama kwa muda, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo, akaiweka kwenye sanduku la vifaa, chini ya misumari. Sikusikia neno. Siku ya tatu yake nikiwa kibandani nikaletewa ujumbe na mtoto: fundi anakuita, njoo na kamera, ana kiatu cha bwana harusi.

Hapa ndipo lenzi hii ilinifundisha jambo ambalo sikulipata kwenye mafunzo yoyote ya bure ya mtandaoni. Nilidhani kutafuta cha kupiga ni kutembea mbali na kukodoa macho. Kumbe ukipiga kitu kimoja kwa karibu na kwa adabu, ukarudisha picha, vitu vinaanza kukutafuta wewe. Mama anayekaanga samaki jirani na mkungu akaniuliza, "Na mimi lini, au mpaka nishone viatu?" Kijana wa bajaji akanipeleka kwa bibi yake anayesuka mikeka. Bibi naye akaniambia niende saa mbili asubuhi, maana mchana ukili unakauka na kukatika, yeye husuka asubuhi. Saa mbili asubuhi mwanga uliingia mlangoni ukalala juu ya mkeka wote, rangi za zambarau na kijani zikawaka. Saa ya picha niliambiwa na msusi.

Kwa hiyo kwa anayeniuliza "nipige nini?" siku hizi namjibu hivi: chagua njia unayopita kila siku, beba lenzi moja isiyozumu, na uwe na hela ya kuchapisha picha mbili kwa wiki. Hiyo hela ya kuchapisha ihesabu kwenye bei ya lenzi. Bila hiyo utabaki mwizi wa sura za watu.

Kanga nazo ziliniweka wiki nzima. Nyumba ya pili kutoka kwa bibi wana kamba ndefu, na asubuhi jua likiwa nyuma, kanga inawaka kama kioo cha rangi. Kila kanga ina mji wake katikati na pindo yake na maneno yake, na ukiwa upande wa pili yale maneno unayasoma kinyume. Nilipiga neno "subira" likiwa limegeuka, kivuli cha mkono wa mtoto kikipita nyuma yake. Nilimwomba mwenye nyumba kwanza. Nguo za watu ni nguo za watu. Hapa f/1.8 inafanya kazi yake nzuri, kamba na ukuta wa nyuma vinayeyuka, linabaki lile neno moja.

Feri, ng'ambo ya maji upande wa mjini Dar, nako nilikwenda, maana huwezi kukaa Kigamboni na lenzi usivuke. Soko la samaki asubuhi saa 12 na nusu, jua linatokea upande wetu wa ng'ambo, linaingia chini chini kwenye mnada, na mizani na mafuriko ya maji sakafuni vyote vinang'aa. Kwa mnada mzima 50mm ni finyu, nasema wazi, utatamani 24mm inayoona pana. Nilichopata ni nyuso za wanunuzi wakati dalali anapanda bei: kuna mama mmoja haongei kabisa, anainua nyusi tu, na dalali anazifahamu zile nyusi. Nilipiga nyusi. Pia jicho la kolekole kwa sentimita 35, duara la dhahabu na nyeusi, na ndani yake mimi mwenyewe nimechuchumaa. Ombeni ruhusa kwa wasimamizi kabla ya kutoa kamera, na msiielekeze kwenye majengo ya serikali yaliyo jirani. Na mvae viatu vya mpira.

Kuna jambo la mwanga nalisema kwa sababu wenzangu wengi tunalalamika kwamba Dar mchana hakupigiki. Ni kweli jua letu ni kali, na mapema Machi na tena Oktoba linatupita utosini kabisa, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi. Lakini ingia chini ya bati la kibaraza, hatua moja tu ndani ya kivuli, mtu aangalie nje. Mchanga mweupe wa uani unarusha mwanga kutoka chini, unaingia machoni mwake. Picha zangu bora za wacheza bao nimezipiga saa saba mchana kwa namna hiyo. Kwa umbali wa mita mbili, f/2.8, ndevu za mzee na kete iliyo juu ya vidole vyote vinakaa sawa.

Na ukiishi pwani, bahari ni ratiba tosha. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji yetu hukauka mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Nimeandika hayo kwenye kalenda ya ukutani kibandani, pembeni ya tarehe za harusi. Maji yakikupwa, ufukwe ule ule unakuwa mahali pengine: mashua zimelala ubavu, watoto wanacheza mpira pale ambapo jana kulikuwa na kina cha shingo, mafundi wanaziba nyufa za mashua kwa pamba na mafuta. Wiki ya maji mafu, bahari isipokupwa sana, hakuna hayo, na mimi narudi kwa mafundi wa barabarani.

Nilipokwenda Zanzibar kwa harusi ya binamu nilijipa saa moja nipite Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe. Ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na alikuwa mtu wa studio kama mimi, watu wanakuja wamevaa vizuri wanapigwa. Ila alitoka pia nje ya mlango, na zile picha nyeusi na nyeupe za mitaa na majahazi na watu ndizo mji unajitazamia hadi leo. Nilisimama pale nikafikiria kitambaa changu cha bluu. Tangu siku hiyo, mteja wa paspoti akimaliza, nikiwa na nafasi namwomba dakika moja zaidi mlangoni, kwa 50mm, mwanga wa barabarani. Wengi hukubali. Nina nyuso mia na kidogo, na picha ya mlangoni nawapa bure.

Sasa kasoro, maana zipo na nyingine zinauma. Haina kitu cha kuzuia mtikisiko, kwa hiyo shata ikiwa ya polepole kuliko 1/100 ya sekunde usijiamini, hasa ukiwa umetoka kunywa kahawa. Kwenye mwanga hafifu fokasi inaenda na kurudi bila kukamata. Natumia pointi ya katikati tu na natafuta ukingo wenye tofauti ya mwanga na giza, kola ya shati au mstari wa nywele. Mtambo wake unalia kidogo, kwenye video ya chumba kimya utausikia. Bomba la mbele linatoka nje ikifokasi, na ukilisukuma kwa bahati mbaya ndani ya mkoba unaweza kuuharibu mtambo. Kabla ya kuzima kamera fokasi kitu cha mbali lirudi ndani, na nunua kikinga jua chake, ES-68, kinapokea vishindo kabla ya lenzi. Ringi ya kufokasi kwa mkono haifanyi chochote kamera ikiwa imezimwa. Na kwa harusi, ukumbini, usiende na hii peke yake, utakosa picha ya familia na utagombana na mama wa bibi harusi.

Adui mkubwa kwetu ni unyevu. Unyevu wa pwani na joto la masika huotesha fangasi ndani ya kioo, nyuzi kama za buibui. Yangu inalala kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Fundi viatu ndiye anayeniwekea. Na naitoa kila siku, lenzi inayopiga haioti upesi.

Fangasi nimeijua kwa kuumia. Hii siyo 50mm yangu ya kwanza. Ya kwanza niliuziwa dukani kama mpya, iko kwenye boksi, mfuniko unang'aa, nikalipa bei ya mpya. Baada ya wiki nikapiga nikielekea jua, picha zote zina ukungu wa maziwa. Nilipomulika nikakuta nyuzi zimetanda kioo cha nyuma. Niliporudi, yule kijana aliyeniuzia akaniambia imeota kwangu. Kwa wiki moja! Pesa ile ilikuwa ya harusi mbili. Duka silitaji, nataka tu yasikukute.

Kwa hiyo ukinunua, mpya au iliyotumika, fanya haya mbele ya muuzaji. Washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma ya lenzi, wewe angalia kwa mbele ukiinamisha pembe mbalimbali. Vumbi kidogo siyo neno, nyuzi ni neno kubwa. Ishike bomba la mbele kwa vidole viwili taratibu, lisicheze kama jino bovu. Ifunge kwenye kamera yako, siyo yake. Fokasi karibu, fokasi mbali, mara ishirini, usikilize kama inakwama. Piga ukurasa wa gazeti kwa f/1.8, ukuze kwenye kioo usome herufi za katikati, zisomeke. Zile za pembeni zikilainika kidogo kwa f/1.8 usiogope, zinakaa sawa ukifika f/4. Muuzaji akikwambia huna haja ya yote hayo, mwachie lenzi yake.

Hii ya pili nilifanya yote hayo kwenye baraza la mpigapicha mwenzangu Temeke, dakika arobaini, akaninyweshea chai. Haikuwa na hata mkwaruzo. Nilimuuliza kwa nini anaiuza, akasema aliitumia mara mbili tu, haizumu.